Darasa la tano na somo la kubalehe, mzee wa watu mlimcheka bure

Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi kwenye shule moja ya msingi huku pembezoni mwa Jiji la Dodoma, ajenda zilikuwa uji wa watoto na hela ya mlinzi. Mara mzee mmoja kanyoosha mkono, anasema mjukuu wake wa darasa la tano karudi nyumbani anamuuliza bibi yake kuvunja ungo ndo kukoje, "walimu mnatuharibia watoto". Basi kikao kikagawanyika palepale, uji ukasahaulika.

Mi niko upande wa mwalimu, niseme mapema. Ila yule mzee watu walimcheka bure.

Huku kwetu kati, kwa Wagogo na hata Warangi wa Kondoa, haya mambo yalikuwa na mahali pake. Wa kiume wanakwenda jando, wa kike na wanawake wakubwa pembeni, anayeongea anajulikana na kinachosemwa kule hakiletwi sebuleni. Leo mwalimu, pengine kijana kabisa, anasimama mbele ya watoto 80 wavulana na wasichana pamoja, anachora mfumo wa uzazi ubaoni, huku nyuma wanafinyana wanacheka, mbele wameinamisha vichwa, kengele inalia. Hapo nani kajifunza? Mzee nadhani kinachomkera ni namna linavyofundishwa kuliko somo lenyewe, na kwenye namna me nakubaliana nae.

Tatizo hilo jando analolililia siku hizi wengi limebaki jina. Mtoto anapelekwa hospitali likizo, kidonda kinapona, anarudi kucheza mpira, hakuna aliyemwambia neno. Afu tusisahau mila hizohizo zilibeba na ukeketaji, utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta karibu nusu ya wanawake wa mkoa wa Dodoma wamekeketwa, asilimia 47. Sheria ya 1998 ya kukataza kukeketa wasichana ilipobana watu wakahamia kwa vichanga, kisingizio eti wanatibu lawalawa, yaani maambukizi ya sehemu za siri, na kichanga hata umletee mwalimu gani hawezi kusema hapana, kwa hiyo wanaodhani kipindi kimoja cha darasa la tano kitamaliza kila kitu nao wapunguze.

Kuhusu "bado wadogo" hapo hapana. Mtoto wa kike anaweza kuanza kubadilika hata ana miaka 8 au 9, na vijijini kuna wanaoanza shule wamechelewa, darasa la tano ana miaka 13. Nenda shule yoyote saa saba mchana, jua la Dodoma linachoma, utamuona binti kafunga sweta kiunoni na hataki kunyanyuka kwenye dawati mpaka wenzie wote watoke. Huyo anahitaji mtu amwambie mapema ni kawaida na pedi zinakaa kwa mwalimu fulani, kwisha. Hilo wala sioni la kubishania.

Pagumu ni kwenye usalama wa mwili. Tunawafundisha wasipokee pipi kwa wasiowajua, wasipande boda ya mtu hivihivi, sawa, ila wanaowaumiza watoto mara nyingi ni watu wa humohumo, jirani, ndugu, mtu anayeamkiwa shikamoo kila asubuhi. Ule utafiti wa ukatili kwa watoto wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, wavulana kama 1 kati ya 7. Sasa sisi mtoto mzuri kwetu ni yule akitumwa haulizi, "mpelekee mjomba maji chumbani" anaenda, mkubwa akisema njoo anakuja. Leo mwalimu anamwambia unaweza kumkatalia mkubwa, lazima nyumba itikisike, na hapo ndo wazazi wengi wanasema shule inafundisha jeuri. Mi naona acha itikisike, ila mzazi aambiwe kabla, asije akamchapa mtoto kwa kufanya alichofundishwa.

Mwalimu mkuu akasema mara nyingine watatenganisha wavulana na wasichana, na mama mmoja wa kamati aje kusaidia upande wa mabinti. Watu wakapiga makofi. Mzee akasimama tena, safari hii taratibu, "haya, mtoto akisema, akamtaja baba yake mdogo, mtafanyaje?" Mwalimu akajibu kuna dawati la jinsia polisi, kuna namba 116 ya msaada kwa watoto, ya kupiga bure. Mzee akasema anazijua, anauliza ukoo ukishakaa, mbuzi wakishatolewa, shahidi akishaambiwa anyamaze, huyo mtoto aliyefundishwa kusema ataenda kulala nyumba ipi.

Mwenyekiti akatazama saa, akasema turudi kwenye uji.