Kabla hujapakua, lijue swali la 9

Kuna makala inayomwambia kijana wa Mwanza mwenye wasiwasi au sonona apakue programu ya simu ya tiba ya kisaikolojia, basi. Haraka mno. Baadhi ya programu hizo huanza na dodoso la kupima sonona, PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Ukifika 10 muone mtaalamu, usibaki na simu tu. Swali la 9, la mawazo ya kujidhuru, likipata hata alama 1, achana na jumla: nenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure siku hiyohiyo, ukisindikizwa.

Kinachosaidia ni kuyafanya mazoezi ya programu, siyo kuyasoma tu. Andika wazo linalokusumbua (“sina kazi, sina thamani”), andika ushahidi unaolipinga, kisha panga jambo moja dogo lenye saa yake: kutembea Capri Point saa 11 jioni, dakika 20. Wengine huacha mapema kwa sababu wanangoja kwanza wajisikie vizuri. Hapo ndipo wanapokosea: kitendo hutangulia, nafuu hufuata, tena polepole.

Mnaoazimana simu, wekeni namba ya siri kwenye programu na mzime arifa, ujumbe wa “Leo una huzuni?” ukichomoza mbele ya shemeji ni balaa.