Kwaya Zetu Zirekodiwe Kanisani

Kwaya nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini zinaimba vizuri kuliko zinavyosikika kwenye rekodi zao, na lawama mimi naiweka kwenye chumba cha studio. Chumba chenyewe tunakijua: kidogo, kuta zimebandikwa sponji, waimbaji wanaingia kwa zamu, sauti ya kwanza leo, besi kesho. Baadaye prodyuza anamwagia mwangwi wa kompyuta, uleule kwa kila kwaya, iwe ya Uyole au ya Mafinga. Ukiuweka wimbo huo nyumbani, watu arobaini wanakuwa wamebanana katikati ya spika mbili, wote wamesimama sehemu moja. Kwaya ipo, kanisa halipo.

Nami nalitaka kanisa.

Sauti hewani hukata mita kama 340 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 17 kutoka kwa waimbaji huwarudishia sauti yao baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Teno aliyesimama kushoto kwako husikika kwanza kwenye sikio la kushoto. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini masikio huinasa na kujua mtu yuko wapi. Ukubwa wa jengo, urefu wa dari, nani yuko mbele na nani kajificha nyuma, vyote tunavijua kwa vicheleweo hivyo vidogo. Mtu akirekodiwa peke yake ndani ya sponji, vinapotea, na kompyuta inabaki kuviiga tu.

Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliyaelewa haya mapema. Mwaka 1931 aliomba hataza ya kurekodi kwa njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, yaani stereo, na namna yake ya kuweka maikrofoni mbili mahali pamoja, kila moja ikielekea upande wake, inatumika hadi leo. Mwaka 1987 bendi ya Kanada, Cowboy Junkies, iliingia kanisa la Holy Trinity mjini Toronto, ikaizunguka maikrofoni moja maalumu inayonasa pande zote, ikarekodi albamu ya The Trinity Session. Isikilize usiku, taa zikiwa zimezimwa. Utajua kanisa lile ni kubwa kiasi gani.

Najua mtaniambia habari ya bati. Kweli, mvua ya Machi ikishika Tukuyu hata mahubiri hayasikiki. Basi turekodi Julai au Agosti, usiku, bodaboda zikishatulia. Baridi itauma, waimbaji waje na masweta. Mmoja akikosea, wimbo unarudiwa wote. Hilo ndilo linalowatisha wengi, na naamini ndilo litakalorudisha mazoezi ya kweli.

Nyumbani nako kuna kazi. Spika ndogo za sabufa tunazipanga juu ya kabati la tivi zikigusana. Zitenganishe kama mita mbili, zikae usawa wa masikio, zisigande ukutani, kisha keti katikati kwa umbali huohuo. Besi ipunguze. Spika moja ya bluetooth haiwezi kazi hii, hata iwe ya bei gani.

Walimu wa kwaya, kabla hamjachangishana tena hela ya studio, rekodini wimbo mmoja tu kanisani, bila kinanda, maikrofoni mbili zikiwa mita tatu nne mbele ya waimbaji. Wasikilizisheni wazee wa kanisa rekodi zote mbili, hiyo na ya studio, wachague wenyewe.