Kabureta ya Land Rover Series III: Kukarabati ya Zamani au Kufunga Nyingine?

Mwenye Land Rover Series III ya petroli, gari lililoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, hufika siku akaambiwa na fundi wake kwamba kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini, imekwisha na dawa yake ni kuing'oa. Injini ya gari hilo, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ilitoka kiwandani na kabureta ya Zenith 36 IV, na mara nyingi inayopendekezwa kuwekwa mahali pake ni Weber 34 ICH, ambayo koo lake, yaani njia ya kupitishia hewa, ni jembamba zaidi na sehemu zake ni chache. Wanaounga mkono badiliko hilo hutaja urahisi na matumizi madogo ya mafuta. Wanaolipinga hutaja uasilia wa gari. Hoja zote hizo zina uzito wake, ila naona hazigusi mambo mawili yanayopaswa kuamua: hali ya chuma cha kabureta iliyopo, na mahali gari litakapofanyia kazi.

Kabla ya yote, ifahamike kwamba kabureta hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Katika mfumo wa moto, yaani umeme unaowasha petroli, kondensa iliyochoka, platini zilizoungua ndani ya distribyuta au taimingi iliyosogea huifanya injini imisi na kukosa nguvu kana kwamba haipati mafuta vizuri, na mtu anaweza kufunga kabureta mpya, akalipa, kisha akabaki na ugonjwa uleule. Fundi anayeanza kufungua kabureta kabla hajagusa mfumo wa moto hastahili kusikilizwa.

Tukichukulia kwamba moto uko sawa, Zenith ina udhaifu wake unaojulikana. Mfuniko wake hupinda, hasa baada ya miaka mingi ya kukazwa kwa nguvu kupita kiasi, na sehemu inayobeba jeti, yaani vipande vyenye matundu ya kupimia petroli, haikai tena bapa dhidi yake. Ikiongezeka oringi ndogo ya ndani iliyokakamaa, petroli hupenya pasipo njia yake, injini hunguruma ovyo gari likiwa limesimama, plagi hujaa masizi, na skurubu ya kurekebisha mchanganyiko huzungushwa bila kuleta tofauti yoyote. Tiba yake haina gharama kubwa: nyuso zilizopinda husuguliwa taratibu juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka zinyooke, oringi na gasketi zikabadilishwa, na mfuniko ukafungwa kwa mkono wenye kiasi. Kazi hiyo inataka subira kuliko vifaa, na ndiyo sababu wengi hawaifanyi.

Hata hivyo, ukarabati una mpaka. Tundu linalobeba mhimili wa kipepeo cha hewa, yaani kilango kinachofunguka ukikanyaga eksileta, likishalika, hewa huingia kando na hakuna oringi itakayoizuia; tundu hilo hulazimika kuchongwa upya na kuwekewa bushi, kazi ya mtu mwenye mashine na jicho sahihi. Pasipokuwa na mtu huyo, kung'ang'ania Zenith iliyolika kwa jina la uasilia ni ukaidi tu, maana gari lenye kabureta yake halisi lakini lisilowaka asubuhi halijahifadhiwa.

Upande wa Weber nao una gharama zisizotajwa dukani. Bomba la chujio la hewa huenda likahitaji kiungo chake, fito za eksileta hurekebishwa, na pia kuna nakala za bei rahisi ambazo umbo lake ni la Weber lakini matundu yake hayana vipimo vya kuaminika. Koo la milimita 34 badala ya 36 huisaidia injini katika mwendo mdogo, lakini dereva anayepanda mlima na mzigo huku amekanyaga eksileta hadi mwisho atahisi kwamba pumzi imepungua. Kwa gari la shambani hilo ni jambo dogo. Kwa anayesafiri barabara kuu ni kero.

Kwangu mimi hoja nzito zaidi ya kutetea Weber ni ile inayosahauliwa na watetezi wake wenyewe, nayo ni jeti. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, ilhali jeti iliyopangwa kwa nchi ya chini huendelea kumwaga petroli karibu kama kawaida. Mchanganyiko hunona, yaani petroli huzidi hewa, matumizi hupanda, na kabureta nzima husingiziwa ubovu. Jeti za Weber huuzwa kwa namba zinazoonyesha kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo aliye na jeti ya 125 anaweza kushuka hadi 120 na kuangalia rangi ya plagi zake. Kwa Zenith, kupata jeti za vipimo tofauti ni kazi ngumu zaidi.

Kwa hiyo, kwa gari la pwani ambalo Zenith yake imepinda mfuniko tu, ningekarabati bila kusita. Kwa gari la kazi linaloishi bara, lenye mhimili uliolegea, ningefunga Weber halisi pamoja na jeti mbili tatu ndogo za akiba, nami Zenith ya zamani ningeifunga kwenye kitambaa chenye oili na kuiweka kabatini, kwa sababu atakayelinunua gari hilo baadaye huenda akaiulizia kabla hajauliza bei.