Nani alituambia kukweza ni dhambi?

Jumapili iliyopita tulikutana nyumbani kwa kaka yangu kumpongeza binti yake. Kamaliza kidato cha nne, kapata daraja la kwanza. Baada ya chakula mzee mmoja wa ukoo akamwuliza, mbele ya watu wote, anataka kuwa nani. Binti akasimama, akajibu bila kumung'unya maneno: "Nataka kuwa daktari wa moyo, babu. Baiolojia naiweza, na hesabu siziogopi." Watu wakanyamaza kidogo. Kisha mzee akasema, tena kwa upole kabisa, "Sawa, mjukuu wangu, ila usijikweze."

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa binti. Nikaona vidole vyake vinashika pindo la kanga, vinalikunja, vinalikunjua, vinalikunja tena. Akakaa. Hakutia neno jingine mpaka tunaagana. Na mimi, shangazi yake mzima, nilinyamaza. Hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki hii, na ndiyo sababu naandika.

Kukweza limezaliwa na kukwea. Habari huenea, mtu akaieneza. Kamba hulegea, mtu akailegeza. Vivyo hivyo mtu hukwea, na mwingine akamkweza. Ukilipasua neno lenyewe hukuti kiburi ndani yake hata chembe. Unakuta mtu anayepanda na mtu anayempandisha. Wazulu nao wana khwela, kupanda, kwa hiyo tunazungumzia neno la ukoo mkubwa na wa zamani.

Anayeijua vizuri maana yake ni mkwezi. Mtazameni siku moja akiwa kazini. Anaukumbatia mnazi, anaweka wayo kwenye kidato cha kwanza, anajisukuma, mguu mwingine unapapasa kutafuta cha pili. Ndiyo, kidato. Kabla ya kuwa darasa la sekondari, kidato ni ule mkato unaochongwa kwenye shina ili mguu upate pa kukanyaga. Akifika kwenye makuti anagonga dafu kwa kidole, anasikiliza, analizungusha mpaka kikonyo kinakatika, analiachia. Walio chini husogea pembeni, wakasubiri. Sijapata kumsikia hata mmoja wao akimpigia kelele kwamba anajikweza. Kila mtu anajua kwamba asipopanda yeye, hakuna atakayekunywa dafu wala kukuna nazi siku hiyo.

Binti yetu kapanda vidato vinne, kimoja baada ya kingine, kwa miguu yake mwenyewe. Kisha akaulizwa anaona nini akiwa huko juu, akasema anachokiona.

Najua nitajibiwa kwa Maandiko, kwa sababu ndiko wengi wetu tulikolikuta neno hili kwanza. "Kila ajikwezaye atadhiliwa," Luka 14:11. Watu huishia hapo, wakafunga kitabu. Lakini sentensi haijaisha! Inaendelea: "naye ajidhiliye atakwezwa." Atakwezwa na nani? Someni mistari iliyotangulia. Kuna arusi, kuna mgeni aliyekimbilia kiti cha mbele ambacho si chake, na kuna mwenyeji. Mwenyeji huyo ndiye anayemwondoa yule wa mbele, na mwenyeji huyohuyo ndiye anayemfuata aliyekaa nyuma, anamwita rafiki, anamsogeza mbele mbele ya wageni wote. Kazi zake ni mbili. Sisi ile ya kwanza tunaigombania, wazee kwa vijana. Ile ya pili haina anayeitaka. Mtoto anakaa nyuma kwa adabu, miaka inapita, mwenyeji haji. Akifungua mdomo mwenyewe siku moja, tena kwa kuulizwa, tunamwambia anajikweza.

Haya, wapo wanaojikweza kweli. Anayetaja vyeti asivyonavyo, anayehesabu kazi ya wenzake kuwa yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi tembo la namna hiyo nimelionja. Nakubali. Ila kosa la mgema ni maji aliyotia, na dawa yake ni kumkataza maji. Kumkataza mnazi ni kutuua sote kwa kiu.

Na mwenye majivuno ana maneno yake tele: anaringa, anajidai, anajiona, anajivuna. Hayo yanatosha.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi tulivyoliacha neno hili likiwa na mguu mmoja. Bei tunapandisha, cheo tunapandisha, bendera tunapandisha, vipaji tunaviinua. Kweza tumeibakizia ile -ji- tu, ya mtu kujifanyia mwenyewe, na ya kulaumiwa. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia mtu akisema "mama yangu alinikweza" au "mwalimu wetu alikuwa hodari wa kukweza wanafunzi." Kiswahili kinaruhusu kabisa. Kinaruhusu hata kukwezana! Tunasemana, tunasengenyana, tunadhalilishana, na hiyo -na ya mwisho inatutoka mdomoni bila taabu. Kukwezana linakaa palepale kwenye sarufi, safi, halina kosa lolote, na hatuligusi.

Yule mzee si mtu mbaya. Ndiye aliyetulipia ada wengi wetu, mimi nikiwamo, na siku anaponipa fedha ya kidato cha kwanza hakunitaka nimwonyeshe unyenyekevu wangu. Alinipa tu, akaniambia nisome. Alinikweza kwa mikono yake. Nadhani hajui kwamba alichofanya siku ile na alichokikataza Jumapili vinaitwa kwa neno moja. Nitakwenda kumwambia, kwa heshima zote anazostahili.

Binti nimempigia simu jana usiku. Alidhani namtafuta baba yake. Nikamwambia hapana, nakutaka wewe, hebu nisimulie upya lile jibu ulilompa babu, mimi nasikiliza. Akasita. Kisha akaanza na vyumba vinne vya moyo, na ni upande gani unaosukuma damu kwenda mapafuni, na tulipokata simu ilikuwa imefika saa tano.