Ni lini "kindly" ni ombi kweli?

Ukipokea barua pepe kutoka ofisi ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, huenda usimalize mstari wa pili kabla ya kukutana na "kindly". Kindly find attached. Kindly advise. Kindly note. Kielezi hiki kimeshahamia WhatsApp, kwenye magrupu ya wazazi na ya michango ya harusi, na sasa kinajichomeka hata ndani ya sentensi za Kiswahili: "Kindly naomba unitumie namba." Washauri wa ajira huwaambia vijana wakifute na kuweka kisawe kingine chochote. Mimi nakitetea, ingawa si kila mahali kinapowekwa.

Kwanza, sisi hatukukibuni. Waingereza wenyewe ndio walioandika hivyo katika barua zao za biashara na za serikali karne ya 19, na kwa barua za namna hiyo makarani wa India na wa Afrika Mashariki walijifunza kuomba kwa Kiingereza. Kwao kikachakaa. Kikabaki kwenye vibao vya matangazo na kinywani mwa mtu aliyekereka: "Would you kindly leave?" Kamusi zao za leo hukitia alama ya neno la kizamani, na baadhi huongeza kwamba anayekitumia mara nyingi ameudhika. Ndiyo maana Mwingereza akisoma "kindly send the documents" anaweza kuhisi kuna mtu anazuia hasira, kumbe mwandishi wa Arusha aliweka hapo heshima zake zote.

Na kwa nini kimetukaa sisi hivi? Nadhani jibu liko katika kitenzi cha Kiswahili. "Leta" ni amri. "Naomba uniletee" ni ombi lililokamilika, na adabu yake imebebwa na kitenzi chenyewe, mpaka ile irabu "e" ya mwisho. Mtanzania anaingia dukani na pesa yake mkononi, bado anasema "naomba soda". Mkenya atasema "nisaidie na soda", kana kwamba muuzaji anamfadhili. Kiingereza hakina kitu hicho. "Send" ni "send", umwambie mtoto, umwambie mkurugenzi. Aliyelelewa kwa "naomba" hawezi kukiacha kitenzi hicho uchi mbele ya mkubwa wake, kwa hiyo hutafuta kielezi cha kukivisha. "Please" haimtoshi, ameizoea tangu chekechea kama neno la mtoto anayetaka peremende. Ndani ya "kindly" anausikia wema, na wema ndio anaouomba. Hilo si kosa la sarufi hata kidogo. Ni adabu ya lugha moja inayotafuta pa kukaa katika lugha nyingine.

Sasa tuje kwenye visawe, maana hapa ndipo ninapoona vijana wakipotezwa. Ukibonyeza Shift na F7 katika programu ya Word unaletewa orodha, na mitandao imejaa orodha nyingine ndefu zaidi: graciously, humbly, respectfully, courteously. Kwa macho zote ni ndugu. Lakini "graciously" ni neno la sala za Kianglikana na la wafalme, la aliye juu anapomhurumia aliye chini. Ukimwandikia meneja wako "graciously approve my leave" umemkalisha kwenye kiti cha enzi. "Respectfully" leo hutangulia kupinga, kama katika "I respectfully disagree", kwa hiyo msomaji hujiandaa kwa ubishi. "Courteously" haiombi kabisa, inaeleza tu jinsi jambo lilivyotendwa. Nayo "humbly" haimsemi anayeombwa, inamsema anayeomba. Mawakili wameizoea mahakamani na inawafaa. Katika barua ya likizo inakuinamisha bure. Likizo ya mwaka ni haki yako: sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi, na ile ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa siku 28 mfululizo. Kwa nini upige magoti kwa kilicho chako?

Peter Mark Roget, daktari wa London aliyechapisha hazina yake maarufu ya visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mawazo ili mwenye wazo apate neno linalolifaa. Wanafunzi wetu wanafundishwa kinyume. Wana neno linalofaa mkononi, wanatumwa wakatafute jingine lililo zito zaidi, halafu barua yao inasomwa kwa mshangao.

Lipo lakini eneo moja ambalo "kindly" inaniudhi kwa dhati, nalo ni pale inapopambwa juu ya amri. "Kindly note that pupils with fee arrears will be sent home on Monday." Mzazi anaombwa nini hapo? Hana la kukubali wala la kukataa. Au ujumbe wa bosi unaoingia saa nne za usiku: kindly, kazi iwe tayari asubuhi. Wema umetajwa, na hakuna aliyetendewa wema. Kwangu kipimo ni kimoja: kama msomaji anaweza kusema hapana, "kindly" ina nafasi. Kama hawezi, mwambie jambo lenyewe waziwazi, na kama ni chungu, mwambie pia ni nani wa kuzungumza naye.

Najua kwamba nje ya kwetu neno hili linatupaka doa. Huko Marekani na Ulaya watu wamelihusisha na barua za matapeli, na ombi la kweli linaweza kufutwa bila kusomwa. Aprili 2024 mwekezaji wa teknolojia Paul Graham aliandika mtandaoni kwamba alitilia shaka barua pepe aliyotumiwa kwa sababu ilikuwa na kitenzi "delve", akilihesabu kuwa neno la akili bandia, na Wanigeria wengi wakamjibu kwamba wao wamelitumia maisha yao yote. Ndivyo Kiingereza chetu kinavyohukumiwa na watu ambao hawajui kilikotoka. Kwa hiyo kijana anayeomba ufadhili Toronto namwambia aandike "please" au "I would be grateful if", kwa ajili ya sikio la atakayesoma. Ila nisingependa mwalimu wake amwambie kwamba "kindly" ni ujinga wa nyumbani.

Ningependa wanaofundisha uandishi wa barua za ofisi wahangaike na vielezi kidogo tu, kisha waende kwenye kile ambacho barua zetu nyingi hukikosa: sababu na tarehe. Karani wa kampuni ya ujenzi anayeandika "Kindly sign the attached sheet by Thursday so that the casual workers can be paid on Saturday" hahitaji kisawe chochote. Meneja akisoma anajua anachotakiwa kufanya, na anajua ni vibarua gani watarudi nyumbani mikono mitupu asipotia sahihi.