Umaarufu wa Mchoraji Marehemu Hujengwa na Aliyebaki

Husemwa mara kwa mara kwamba kifo ndicho kinachompa mchoraji umaarufu, kwa kuwa akishazikwa hawezi kuongeza picha nyingine, na zile alizoziacha hupanda bei. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini hainitoshelezi. Wachoraji hufa kila siku, na picha za wengi wao huishia stoo au jalalani bila mtu kuziulizia.

Mtazame Johannes Vermeer, mchoraji wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1675 akiwa na madeni. Picha zake zinazojulikana hazizidi sana 35, lakini ile ya msichana mwenye hereni ya lulu iliuzwa mnadani mwaka 1881 kwa guilder mbili (sarafu ya Uholanzi ya wakati huo) na senti chache. Uchache ulikuwepo, wa kuutambua ndio hawakuwepo.

Kwa mchoraji mwingine wa Uholanzi, Vincent van Gogh, mtu wa kuutambua alikuwepo, na ninashangaa jinsi anavyotajwa kwa nadra. Vincent alifariki Julai 1890, na mdogo wake Theo, aliyekuwa akimtegemeza kwa fedha, akamfuata miezi sita baadaye. Mamia ya picha yakabaki mikononi mwa mjane wa Theo, Johanna van Gogh-Bonger, mwenye umri wa miaka 28 na mtoto ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Alizihamishia Bussum, Uholanzi, akafungua nyumba ya kupangisha wageni ili apate riziki, akazitundika ukutani, kisha akaanza kazi ya miaka mingi ya kuandikia wakosoaji, kuazimisha picha kwenye maonyesho, kuuza chache na kuzishikilia nyingine. Mwaka 1905 alikodi kumbi za jumba la makumbusho la Stedelijk mjini Amsterdam na kuonyesha kazi zaidi ya 400 za shemeji yake.

Barua za Vincent kwa Theo hakuzichapisha mpaka mwaka 1914, kwa sababu aliona si haki kwa marehemu watu wavutiwe na maisha yake kabla ya kuzithamini kazi zake. Sisi tumeugeuza mpango huo juu chini: wengi husikia habari ya Vincent kujikata sikio kabla hawajaitazama picha hata moja kwa utulivu.

Mchoraji Hilma af Klint wa Sweden aliagiza mwenyewe kwamba picha zake za kidhahania, yaani zisizoonyesha vitu kama vinavyoonekana, zisionyeshwe mpaka miaka 20 ipite baada ya kifo chake, kilichotokea mwaka 1944. Zilipofika jumba la makumbusho la Guggenheim, New York, mwaka 2018, zilitazamwa na watu zaidi ya 600,000. Lakini kwanza ilibidi mtoto wa kaka yake, aliyezirithi, akubali kutunza kazi zaidi ya 1,000 ambazo hakuna aliyekuwa akizitaka.