Homurani 8 kwenye mechi moja: rekodi ya Corsicana ibaki au ifutwe?

Kuna ubishi wa besiboli ambao umepita miaka 120 na bado watu wanaupiga, unahusu kamji ka Texas kanaitwa Corsicana. Jumapili ya tarehe 15 Juni 1902 timu ya mji huo, Oil Citys, iliichapa Texarkana 51 kwa 3, na mdakaji wao, dogo wa miaka 19 kutoka Kanada anaitwa Jay Justin Clarke, akapiga homurani 8, yaani kila akienda kupiga mpira unaenda nje. Kwa wale ambao huu mchezo hawaufuatilii, homurani ni pale mpigaji anauchapa mpira unavuka uzio wa uwanja, hapo anazunguka vituo vyote taratibu anarudi alipoanzia na hakuna wa kumgusa. Ligi kuu ya Marekani na ukubwa wake wote, mpaka leo hakuna aliyevuka 4 kwenye mechi moja. Sasa huyu wa Texas League, ligi ya daraja D, la chini kabisa kwa madaraja ya wakati huo, kapiga 8, lazima watu wakae mkao wa kuuliza maswali.

Na maswali yapo kweli. Kwanza mechi haikuchezwa Corsicana. Kule sheria za Jumapili zilikuwa zinakataza michezo siku ya ibada, basi wakaihamishia Ennis, mji mwingine kama kilomita 30 hivi kaskazini, na huko uwanja ulikuwa mdogo, uzio wa kulia makadirio yanayotajwa sana ni futi 210, sawa na mita 64 tu. Linganisha na viwanja vya ligi kuu vilivyojengwa baada ya 1958, kanuni inataka pembeni kusipungue futi 325, karibu mita 99. Halafu Clarke alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, na anayepiga kushoto mpira wake akiuvuta kwa nguvu unaenda kulia, kulekule kwenye uzio wa karibu, kwa hiyo hata angechorewa uwanja na fundi wake mwenyewe usingemfaa kuliko ule. Juu ya hapo mrushaji wa Texarkana, DeWitt, aliachwa pale kati mpaka mwisho anapigwa tu, na inasimuliwa kuwa alikuwa na undugu na mwenye timu ndiyo maana hakuna aliyemtoa, hiyo ya undugu mimi naiweka kwenye hadithi za vijiweni ila kwamba alirusha mechi nzima hilo halina ubishi. Kwa hiyo ukichukua uzio mfupi ukajumlisha na mrushaji aliyekwisha choka unapata kitu kinachonikumbusha ile mechi ya soka ya Madagascar ya 2002, AS Adema 149, SO l'Emyrne 0, ambapo wachezaji wa l'Emyrne walikuwa wanajifunga wenyewe makusudi kupinga uamuzi wa refa. Kwenye vitabu ipo, lakini nani anaitaja kama ubora wa washambuliaji wa Adema?

Hapo ndipo wanaotaka ifutwe wanapoishia, na mimi naona wanaishia mapema mno. Texarkana hawakugoma. Na uzio ule haukuwa wa Clarke peke yake, Texarkana nao walikuwa wanapiga kuelekea uzio uleule na wakatoka na pointi 3, wenzake wa Corsicana nao walikuwa na nafasi ileile na hakuna aliyefika 8. Kama ni uwanja tu basi mbona haukumsaidia mwingine hivyo?

Halafu hawa wanaojifanya wasafi wa rekodi wangeanza na ligi kuu kwanza. Mwaka 1884 Ed Williamson wa Chicago alipiga homurani 27 kwa msimu, 25 kati ya hizo akiwa nyumbani, kwenye uwanja ambao uzio wa kulia ulikuwa kama futi 196, mfupi kuliko hata wa Ennis, na msimu wa nyuma yake mpira ukivuka uzio huo ulikuwa unahesabiwa vituo viwili tu, kanuni ya uwanja ikabadilishwa na ghafla jamaa kawa bingwa. Rekodi hiyo ilikaa miaka 35 mpaka Babe Ruth alipokuja na 29 mwaka 1919, na katika miaka yote hiyo haikufutwa. Bobby Lowe naye, wa kwanza kupiga 4 ligi kuu mwaka 1894 kule Boston, uzio wa kushoto ulikuwa futi 250 hivi. Zama zile viwanja vilijengwa palipobaki nafasi kati ya reli na maghala, kwa hiyo ukianza kufuta kwa kipimo cha mita utafuta nusu ya karne ya 19.

Ila Clarke mwenyewe alikuwa mchezaji wa namna gani, maana hapo pande zote mbili huwa zinachota hoja. Alipanda ligi kuu 1905, akacheza misimu 9, zaidi akiwa Cleveland, na homurani zake zote huko juu ni 6. Sita! Wabishi wakiiona hiyo wanacheka, lakini wanasahau mpira wa enzi ile ulikuwa laini, mmoja unachezewa mpaka unachafuka na kulegea, na mwaka 1905 aliyeongoza American League nzima, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, Harry Davis, alimaliza msimu na homurani 8, ileile idadi ya Clarke ya mchana mmoja. Na hakuwa mtu wa mchezo mchezo, tarehe 2 Oktoba 1908 mrushaji wa Cleveland, Addie Joss, alipoinyima Chicago kila kitu, wapigaji 27 wakaja na 27 wakarudi bila hata mmoja kukanyaga kituo, aliyekuwa anadaka nyuma ya kigongo ni huyohuyo Clarke.

Kinachoniudhi mimi kwenye ubishi huu wote ni kwamba umeifunika timu. Corsicana mwaka 1894 walikuwa wanachimba kisima cha maji wakakutana na mafuta, 1898 kukawa na kiwanda cha kusafishia, jina Oil Citys halikutoka hewani, na mji wa watu kama elfu tisa ukaingia ligi moja na Dallas na Fort Worth na ukaibeba. Msimu huohuo walishinda mechi 27 mfululizo, na kwa besiboli ya kulipwa hakuna aliyevuka hapo mpaka Salt Lake Trappers walipofikisha 29 mwaka 1987, Baltimore ya 1921 nayo ilifika 27 tu ikakwama. Mechi 27 huwezi kuzisingizia uzio mmoja wa Ennis, maana mfululizo mrefu hivyo haukai kwenye uwanja mmoja. Kwa hiyo mimi ile 8 ningeiacha ilipo, pembeni yake niandike futi 210, lakini nikiulizwa Corsicana walifanya nini 1902 ningeanza na 27.

Na hata hiyo 27 ina doa lake ambalo wapenzi wa timu huwa hawaligusi. Ligi ile ilikuwa ya weupe watupu, na Clarke mwenyewe eti kwa kuwa ngozi yake ilikuwa imekolea kidogo walimpachika jina la utani la kibaguzi ambalo vitabu vya takwimu vilimwandika nalo kwa miaka mingi, mimi silirudii. Mchezaji mweusi wa kwanza kuingia Texas League ni Dave Hoskins wa Dallas, mwaka 1952, nusu karne nzima baada ya ile Jumapili ya Ennis, na msimu wake wa kwanza tu akashinda mechi 22 kama mrushaji. Waliokuwa na mkono kama wa Hoskins mwaka 1902 hawakuruhusiwa hata kujaribu kumrushia Clarke.